Mbwa wa Mfinyanzi: Methali za Babeli na Watu Waliozisema

Katika karne ya 7 KK kikundi cha watu waliojiita Wababeli kilimwandikia mfalme Esarhaddon wa Ashuru kikiwalalamikia watumishi wake. Mfalme hakuifungua barua. Aliirudisha kwa wenyewe ikiwa na mihuri yake vilevile, akatuma na ya kwake, kali kama pilipili. Humo akawapiga kwa methali ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa ikisemwa na watu: mbwa wa mfinyanzi aliingia tanurini, akaanza kumbwekea mfinyanzi.

Ukiisoma methali hiyo peke yake utaona kichekesho. Ukiisoma ndani ya barua, inauma. Tanuri la vyungu hubaki na joto hata baada ya kazi kwisha, na mbwa ambaye hakutafuta kuni wala hakukanda udongo huenda akajikunyata humo. Joto si lake, tanuri si lake, na anayetolewa meno ni yule aliyeuwasha moto. Esarhaddon alikuwa anawaambia: huo Ubabeli mmejivika wenyewe, mnaota moto wangu, kisha mnawashitaki watu wangu kwangu. Sisi tungesema fadhila ya punda ni mateke, na mwenye kuelewa angeelewa.

Nimeanza na mbwa huyu kwa sababu nimechoshwa na orodha. Mitandaoni zinazunguka picha zenye kichwa "Hekima ya Babeli ya Kale": sentensi moja juu ya picha ya lango la Ishtar la buluu, haina mji, haina karne, haina aliyesema wala aliyeambiwa. Baadhi ya sentensi hizo ni za kweli na nyingine zimetungwa juzi. Lakini hata zile za kweli huwa zimeng'olewa kitu kikubwa. Naamini kwa dhati kwamba methali ina watu wawili siku zote, anayeirusha na anayerushiwa. Bila hao wawili tunabaki na maneno mazuri tu, na maneno mazuri hayajawahi kuwa haba duniani.

Sisi tuliokulia kwenye kanga hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Kiwanda huchapa "Hasidi hana sababu" kwa maelfu ya doti, na dukani Tanga au Mombasa kanga hiyo haimsemi mtu. Ila pale mtaani kwetu mama mmoja alipoifunga alasiri na kukaa barazani, saa ileile jirani yake aliyekuwa hasemi naye anapopita kwenda bombani, kila mtu alijua kanga ile imevaliwa kwa ajili ya nani. Jirani naye alijua. Alipita akitazama mbele, na kesho yake akapita na yake.

Bahati mbaya ni kwamba methali nyingi za Mesopotamia, ile nchi ya kati ya mito Frati na Hidekeli iliyobeba Sumeri, Babeli na Ashuru, zimetufikia zikiwa kama kanga zilizokunjwa rafuni. Zimetoka shuleni, na shule ndiyo iliyozipanga katika orodha tangu mwanzo.

Shule mojawapo tunaijua vizuri. Katika mji wa Nippur, kusini mwa Iraq ya leo, wachimbuaji wa Kimarekani walifukua mwaka 1951 na 1952 nyumba ndogo ya matofali ya udongo waliyoiita Nyumba F. Humo vilipatikana vipande karibu 1,400 vya vibao vya udongo, vingi vikiwa kazi za wanafunzi wa miaka ya 1740 KK, zama za mfalme Samsuiluna wa Babeli, mwana wa Hammurabi yule wa sheria. Watoto hao nyumbani walizungumza Kiakadi, lugha ambayo Kibabeli ni tawi lake. Shuleni walijifunza Kisumeri, lugha ambayo kwa wakati huo haikuwa tena lugha ya mama wa mtu yeyote, lakini bila hiyo hakuna aliyehesabiwa kuwa mwandishi. Walianza kwa kupiga alama za kikabari, zile zenye umbo la kabari zinazogandamizwa kwenye udongo, kisha orodha ndefu za majina ya miti, vyombo na mifugo, kisha jedwali za hesabu na mikataba ya mfano. Baada ya hapo, wakiwa sasa wanaweza kuandika sentensi kamili, walipewa methali.

Vibao vya zoezi hilo vipo vya aina kadhaa, na ninavyovipenda ni vile vya mviringo, vinavyotosha kushikwa kiganjani. Mwalimu aliandika methali moja, mistari miwili mitatu, kwa mkono ulionyooka. Mwanafunzi akainakili chini yake au upande wa nyuma. Hata asiyejua alama moja ya kikabari anaweza kutofautisha mikono hiyo miwili: kabari za mwalimu zimekaa katika mstari, za mtoto zinagongana, nyingine zimezama mno kwenye udongo kama mtu aliyeogopa kalamu itamponyoka.

Kazi ikishasahihishwa, kibao hakikuwa na thamani. Ndani ya Nyumba F palikuwa na kisanduku cha matofali kilichopakwa lami, ambamo vibao vya zamani vililowekwa na kukandwa upya ili udongo uandikiwe tena. Vile tulivyo navyo leo ni vilivyokwepa maji. Nyumba ilipokarabatiwa, vilitumika kama kifusi cha kujengea. Kwa hiyo tunazisoma methali hizi kwa sababu fundi alikosa kokoto, na kila nikilikumbuka jambo hilo namshukuru fundi yule.

Katika mafungu hayo ya shule msemaji wa baadhi ya methali hana kificho. "Mwandishi ambaye mkono wake unakwenda sawa na kinywa, huyo kweli ni mwandishi." "Mwandishi asiyejua Kisumeri, huyo ni mwandishi gani?" Huyo ni mwalimu, na anayeambiwa ameketi mbele yake na udongo mikononi, na akimaliza kuambiwa atalazimika kuyaandika matusi yake mwenyewe kwa hati nzuri.

Wataalamu wametumia maisha yao kuviunganisha vipande hivi. Edmund Gordon alichapisha mafungu ya kwanza ya methali za Kisumeri mwaka 1959. Wilfred Lambert akafuata mwaka 1960 na za Kibabeli, nyingi zikitoka katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal iliyofukuliwa Ninawi katikati ya karne ya 19. Bendt Alster akayakusanya mafungu yote ya Kisumeri mwaka 1997. Ukisoma walichokusanya, kwanza unafurahi kwa kukutana na ndugu. "Nilipomkwepa nyati dume, nyati jike akanisimamia mbele": hapo ni kuruka majivu na kukanyaga moto. "Mbweha bado hajakamatwa, na yeye anamtengenezea kongwa la shingo": usikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa. "Kinywa kilicho wazi huingia nzi": mdomo uliponza kichwa. Furaha hiyo ni halali, ila haifiki mbali. Kwamba watu wa Frati na watu wa Pangani waliona hatari ya domo, hilo lingenishangaza kama lisingekuwapo.

Ipo moja ambayo sijaiona kwetu na ningetamani tuwe nayo. Mbweha alikojoa baharini, akasema: "Bahari yote hii ni mkojo wangu." Kila aliyewahi kukaa katika kamati ya harusi au ya ujenzi wa msikiti au kanisa amemwona mbweha huyu akisimama kutoa neno la shukrani.

Zinazonikalisha kitako ni zile za umaskini. Moja inapendwa sana mitandaoni: "Mwenye fedha nyingi huenda akafurahi, mwenye shayiri nyingi huenda akafurahi, lakini asiye na kitu hulala usingizi." Watu huisambaza kama sifa ya maisha mepesi. Nchi ile haikuwa na sarafu. Fedha ilipimwa kwa mizani, na shayiri ilikuwa chakula, mshahara na bei kwa wakati mmoja. Asiye na fedha wala shayiri hakuwa amechagua kuishi bila makuu. Alikuwa na njaa. Mwenye njaa halali usingizi mwanana, na mimi siamini kwamba aliyeisema methali ile ndiye aliyekuwa hana kitu. Naisikia ikitoka kwa mtu mwenye ghala, amekesha kwa hofu ya wezi na madeni, akimtazama mtumishi wake aliyejilaza mlangoni.

Maana ukifungua fungu jingine unakutana na sauti tofauti kabisa: "Maskini akifa, usijaribu kumfufua. Alipokuwa na mkate hakuwa na chumvi, alipokuwa na chumvi hakuwa na mkate." Huyu hazungumzi kutoka ghalani. Anaijua chumvi inavyokosekana siku ileile mkate ulipopatikana. Ndiye angeelewana na wazee wetu waliosema maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Kuziweka sentensi hizi mbili bega kwa bega chini ya kichwa "Wababeli walisema" ni kumpatanisha tajiri na maskini bila wao kuulizwa.

Ya tatu ni ngumu kuliko zote, na imeandikwa kwa lugha mbili, Kisumeri na Kiakadi: mwenye nguvu hula ujira wa mikono yake, na dhaifu hula bei ya mwanawe. Mara ya kwanza niliichukulia kama fumbo la mshairi. Si fumbo hata kidogo. Kifungu cha 117 cha sheria za Hammurabi kinamzungumzia mtu aliyebanwa na deni akamtoa mkewe, mwanawe au bintiye kwa fedha: watafanya kazi katika nyumba ya aliyewanunua au mdai wao kwa miaka 3, na mwaka wa 4 waachiwe huru. Sheria haiwekei ukomo jambo lisilotendeka. Ipo kwa sababu lilikuwa linatendeka, tena likipita miaka 3.

Zipo pia hati za Nippur, mji uleule wa Nyumba F, zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Mwishoni mwa karne ya 7 KK, mji ukiwa umezingirwa vitani zama za mfalme Sin-shar-ishkun wa Ashuru, bei ya nafaka ilipanda hadi wazazi wakawa wanampelekea mtu mmoja aliyeitwa Ninurta-uballit watoto wao wadogo, hasa mabinti. Mikataba imebaki. Mzazi ananukuliwa akimwambia mnunuzi amchukue mtoto ili apate kuishi, na ampe yeye mzazi vipande vya fedha apate kula. Majina ya mashahidi yamefuata chini kama katika uuzaji wowote. Methali ile ilikuwa imekaa kwenye maktaba ya Ninawi katika karne ileile, imenakiliwa kwa hati safi ya kifalme. Sijui namna ya kuisoma tena kama "hekima".

Si kila kitu kilikuwa kilio. Katika mafungu ya Kisumeri zimo sauti za wanawake, nyingi kuliko nilivyotarajia kutoka katika shule iliyojaa wavulana. Mmoja anasema: "Mume wangu ananirundikia, mwanangu ananipimia, basi mpenzi wangu na anitolee miiba ya samaki." Anayekaa pwani anajua huo mwiba wa samaki ni kazi ya namna gani, na ni mtu gani hutolewa miiba na mwenzake mezani. Mume na mtoto wametajwa kwa nafaka, kwa wingi na kipimo. Mpenzi ametajwa kwa vidole. Kisha ipo hii ya Kiakadi, ambayo ni uani mtupu: "Amepata mimba bila kulala na mtu? Amenenepa bila kula?" Na nyingine ya mtu anayejaribu kukwepa lawama: "Mwaka jana nilikula kitunguu saumu, mwaka huu tumbo laniwaka." Hizi hazikutungwa na makuhani chini ya mnara wa Babeli. Zimeokotwa kisimani na jikoni, na shule ikazipa kalamu.

Upande mwingine upo usia wa baba kwa mwana, na hapo mstari unaotuunganisha nao ni wa kweli zaidi kuliko kufanana kwa bahati. Usia wa Shuruppak, ambao nakala zake za kwanza zilizopatikana Abu Salabikh ni za karibu mwaka 2500 KK, ni maneno ya mzee kwa mwanawe Ziusudra, yule ambaye katika simulizi zao ndiye aliyeokoka gharika. Mzee hapandi mawinguni. Anamwambia asinunue punda anayelia sana. Asijenge nyumba karibu na uwanja wa watu, kuna msongamano. Asichimbe kisima ndani ya shamba lake, watu wataliharibu. Asimdhamini mtu, maana mtu huyo atamkamata. Kaka mkubwa ni kama baba, dada mkubwa ni kama mama, awasikilize. Moyo wenye upendo hujenga nyumba, moyo wenye chuki huibomoa.

Punda yule aliendelea kulia kwa miaka elfu nyingi. Kuna Ahiqar, ambaye masimulizi yanamtaja kuwa mshauri wa wafalme wa Ashuru, Sennacherib na huyuhuyu Esarhaddon wa mbwa wa mfinyanzi. Maneno yake kwa Kiaramu yalipatikana kwenye mafunjo ya karne ya 5 KK katika kisiwa cha Elephantine, mto Nile, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika masimulizi yake ya baadaye kwa Kisiria anamwambia kijana aliyemlea: kama nyumba ingejengwa kwa sauti kubwa, punda angejenga mbili kwa siku. Na katika Kurani, sura ya 31, Luqman anamuusia mwanawe ainamishe sauti yake, kwani sauti mbaya kuliko zote ni ya punda. Wapo wataalamu waliomlinganisha Luqman na Ahiqar kwa muda mrefu. Sidai kwamba mmoja amenakili kwa mwingine. Ninachokiona ni mzee aliyeketi, kijana aliye mbele yake, na mnyama yuleyule uani, katika lugha tatu za ukanda mmoja. Msomaji wa Kiswahili anayemjua Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia bintiye utenzi wa nasaha mwaka 1858, hahitaji kuelezwa kikao hicho kilivyo.

Biblia nayo imebeba kitu. Mhubiri 4:12 inasema kamba ya nyuzi tatu haikatiki upesi. Katika shairi la Kisumeri la Gilgamesh na Huwawa, ambalo watoto wa Nippur walilinakili, Gilgamesh, mfalme shujaa wa simulizi zao, anamtia moyo mtumishi wake Enkidu kwa maneno hayohayo, kamba ya nyuzi tatu haikatwi. Wanakwenda msituni kukata mierezi na Enkidu anaogopa. Hapo tena methali ina mtu aliyeihitaji.

Ndiyo maana mwishowe nimehamia kwenye barua. Kama unataka kuona methali ya Babeli ikifanya kazi, acha orodha uende Mari, mji wa kando ya Frati nchini Syria, ambako André Parrot alianza kuchimba mwaka 1933 na kukuta maelfu kwa maelfu ya vibao ndani ya jumba la mfalme. Karibu na mwaka 1780 KK Mari ilikuwa chini ya Yasmah-Addu, kijana aliyewekwa hapo na baba yake, Shamshi-Adad, mfalme aliyeitawala Mesopotamia ya kaskazini. Baba hakumwamini mwanawe hata kwa jambo dogo. "Hadi lini tutakuwa tunakuongoza? Wewe ni mtoto, si mwanamume? Huna ndevu kidevuni?" Katika barua nyingine anamkumbusha kwamba kaka yake amepata ushindi vitani ilhali yeye amelala kati ya wanawake.

Kwenye mojawapo ya barua hizo Shamshi-Adad anamweleza mwanawe kwamba anapobuni hila za kumpiga adui, adui naye anabuni zake, kama wapigana mieleka wanavyotafutana. Halafu anaonya lisije likatokea lile la methali ya kale: jike la mbwa kwa pupa yake lilizaa watoto vipofu. Kiswahili chetu kingesema haraka haraka haina baraka, na kingesema kwa upole. Methali ya Shamshi-Adad haina upole. Ina damu ya uzazi na macho yasiyofunguka, na inasemwa na baba ambaye hajui kama amemlea askari au hasara. Na yeye mwenyewe anaiita ya kale, zaidi ya miaka 3,700 iliyopita.

Yasmah-Addu hakudumu. Baba yake alipofariki, Zimri-Lim akaitwaa Mari, na katika vibao vya utawala wake kuna methali nyingine ninayoishika kwa mikono miwili. Mfalme wa Eshnunna, dola nyingine ya Mesopotamia, alikuwa akituma ujumbe wa amani. Inib-shina, mwanamke wa ukoo wa kifalme, akamwandikia Zimri-Lim kwamba amejiwa na mjumbe wa mungu Dagan wa Terqa aliyesema: maneno ya amani ya mtu wa Eshnunna ni hila, chini ya majani makavu maji yanapita. Usemi huohuo unarudi katika barua za watu wengine wa Mari za wakati huo. Ulikuwa umeenea mjini kama unavyoenea msemo wakati wa uchaguzi. Ukitembea kwenye uwanja wa kupuria uliofunikwa makapi unaona pakavu, na mguu unazama. Zimri-Lim hata hivyo alifanya amani na Eshnunna. Aliyekuja kuiteketeza Mari, karibu mwaka 1760 KK, ni Hammurabi wa Babeli, mshirika wake wa miaka mingi, ambaye hakuna methali iliyomwonya juu yake.

Kibabeli kilisafiri mbali kuliko majeshi ya Babeli. Katika karne ya 14 KK wafalme wadogo wa Kanaani walimwandikia Farao kwa lugha hiyo, kila mmoja akiivunjavunja kwa namna ya kwao. Barua hizo zilifukuliwa Tell el-Amarna, Misri, mwaka 1887. Rib-Hadda wa Byblos, mji wa pwani ya Lebanoni ya leo, ndiye aliyeandika nyingi kuliko wote, akiomba askari na nafaka ambavyo havikumfikia kama alivyotaka. "Shamba langu ni kama mwanamke asiye na mume, kwa kukosa mlimaji," anasema, na anairudia sentensi hiyo barua baada ya barua kama mtu anayegonga mlango mmoja. Anasema pia kwamba watu wake wamewauza wana wao, mabinti wao na mbao za nyumba zao katika nchi ya Yarimuta ili wapate kula. Bei ya mwana, kwa mara nyingine. Mwishowe mdogo wake mwenyewe akamfungia nje ya mji.

Na yupo Labayu wa Shekemu. Huyu alikuwa mtemi wa milimani, majirani wakimshitaki kwa Farao kila mara kwamba ananyakua miji. Mwenyewe aliapa utiifu kwa maneno makubwa, kwamba Farao akimwandikia ajichome kisu cha shaba moyoni, atajichoma. Lakini mji wake ulipotekwa, pamoja na mungu wake, na Farao akamwagiza awalinde watu haohao walioutwaa, akajibu kwa barua ambayo naiona kuwa kilele cha fasihi yote hii. Anasema amesingiziwa mbele ya mfalme. Anasema mji ulitwaliwa vitani baada ya viapo vya amani. Kisha: "Sisimizi akipigwa, je, hapigani, hauumi mkono wa mtu aliyempiga?" Na mara baada ya hapo anaongeza kwamba mfalme akiagiza, "Lala chini yao wakupige", atalala. Watu hao ndio waliomnyang'anya baba yake, lakini atawalinda.

Kajiita mdudu mdogo kama inavyompasa mtumishi mbele ya Farao, na katika sentensi ileile kaonyesha meno. Hakuna orodha inayoweza kunieleza hilo. Ukimwondoa Labayu, ukimwondoa Farao, sisimizi anabaki sisimizi.

Baadaye alikamatwa. Biridiya wa Megido anaeleza kwamba Surata wa Akka alimchukua kwa ahadi ya kumpeleka Misri kwa jahazi, akala fidia akamwachia aende kwake. Biridiya akamfuata. Farasi wake jike akaumia njiani, akapanda pamoja na mtu mwingine, na alipofika akakuta Labayu ameshauawa. Barua nyingine ya kipindi hicho, ya mtemi aliyeomba msaada wa Farao, inasema wana wawili wa Labayu wamemjia wakimshurutisha aingie vitani pamoja nao dhidi ya watu wa Gina, waliomuua baba yao.